Posa kwa Chuo Kimoja

Stockton, California
25 Agosti 2024

Kuya Boyet,

Ukiona nimekuita "Kuya" badala ya "wewe" najua utashika mfuko. Tulia, kaka mkubwa. Safari hii sitaki hela, nataka akili, na hapa nyumbani imeadimika tangu uondoke, ingawa hata ulipokuwepo haikuwa ya kumwagika. Kwa kuwa walikunyang'anya simu siku ya kwanza, itabidi tuandikiane kama watu wa zamani. Mkono umeshaanza kuniuma.

Huku hatujambo. Mama bado ana zamu za usiku wodi ya moyo, anarudi asubuhi analala redio ikisema. Bibi sukari yake inapanda na kushuka kama kawaida, na anakusalia rozari nzima kila siku uwe hai. Nimemweleza kwamba uko mafunzoni tu, hujaenda vitani. Anasema yeye haogopi vita, anaogopa chakula cha jeshi. Mama Mkubwa Baby, mwenye miaka sitini na mitatu na bado anaitwa Baby, anauliza kama wamekunyoa.

Sasa jambo lenyewe. Nimeingia mwaka wa mwisho, na kila anayetaka udaktari hapa shuleni anazungumzia kuomba chuo mapema. Wewe hukupitia haya, ngoja nikufafanulie. Ni posa. Unachagua chuo kimoja tu, unapeleka neno kabla ya Novemba mosi, na unaapa, wewe na mzazi wako na mshauri wa shule, kwamba kikikubali umekwisha olewa. Vingine vyote unaviacha siku hiyo hiyo. Kikikataa, unarudi sokoni na uso wako. Watu wanaposa hivyo kwa sababu chuo nacho kinapenda kupendwa peke yake. Na kwa sisi watu wa udaktari ni zito zaidi, maana miaka minne ya chuo ndiyo inayoamua kama shule ya udaktari itakutazama au itakupita.

Mchumba wa kwanza ni Ravensworth, Pennsylvania, upande wa pili wa nchi. Kijitabu chao kinasema kati ya wanafunzi wao kumi wanaoomba shule ya udaktari, tisa hupokelewa. Mama alisoma sentensi hiyo kwa sauti, kisha akaagiza sweta lao. Sijaomba bado, Kuya, na sweta limeshafuliwa mara mbili.

Wa pili ni kichekesho tu. Ile ziara ya shule ya mwezi wa nne tulipita Dunmere, Oregon, chuo kidogo porini chenye bata wengi kuliko wanafunzi. Profesa mmoja, Bi Lindqvist, alinipa moyo wa kondoo mkononi akaniuliza damu inaingilia wapi. Nikakosea. Akasema, basi ifuate kwa kidole. Nikaifuata mpaka basi likanipigia honi. Ni hayo tu, na hakuna mtu hapa Stockton anayekijua chuo hicho.

Insha yangu niliandika habari ya kisukari cha Bibi. Mshauri wetu, Bwana Pruitt, akasema wiki hii peke yake amesoma bibi wengi wenye kisukari, wangu hajitokezi. Nilipomwambia Bibi, akajitolea kuanguka ngazini.

Nipe ushauri wa mtu mzima, na kama huna, mwazime mwenzako.

Mdogo wako,
Ludy


Kambini
8 Septemba 2024

Kitinda mimba,

Kuruta huyu amepokea barua yako na anashukuru. Niwie radhi, huku neno "mimi" limepigwa marufuku. Ukiona kiu unasema, "Afande, kuruta huyu anaomba ruhusa ya kunywa maji." Wiki iliyopita niliota Bibi ananiuliza kama nimeshiba, nikamjibu kuruta huyu ameshiba, nikaamka nimesimama wima.

Ni mzima wa afya. Mwambie Mama asitume tena vile vitamutamu vya polvoron. Afande alifungua boksi mbele ya wote akaniamuru nizile zote bila maji, kisha niimbe wimbo wa jeshi. Unajua ule unga wa maziwa unavyoganda kooni. Nilitoa vumbi, wimbo haukutoka. Watu thelathini wanaoshindwa kucheka kwa kuogopa kuadhibiwa, hakuna sauti mbaya kama hiyo duniani.

Kuhusu posa yako: nenda Ravensworth. Sweta lipo, Mama ana furaha, na tisa kwa kumi ni tisa kwa kumi. Mtu mmoja katika nyumba hii akiwa daktari, mwingine anaweza kuwa kuruta kwa amani. Hao bata achana nao.

Sina muda, tunakimbia mno. Mguu wa kushoto unalalamika kidogo lakini na wenyewe ni kuruta, haujaulizwa.

Boyet


Stockton
22 Septemba 2024

Kuya,

Bibi amefurahi kusikia umeshiba hata kama ni ndotoni. Mama alisoma habari ya polvoron akacheka mpaka akakaa chini, halafu akanuna siku nzima, anataka kumwona huyo afande ana kwa ana.

Jumamosi ilikuwa birthday ya Mama Mkubwa Baby. Tambi za pansit sinia tatu, sambusa za lumpia zisizohesabika, na mimi kwenye kiti cha mbele kama sanamu ya mtakatifu. Mama alinipitisha kwa kila mgeni: "Huyu ndiye Ludy, daktari wetu, anakwenda Ravensworth." Mzee Celso alipandisha suruali palepale akanionyesha goti. Nikamwambia aweke barafu. Akauliza kwa muda gani. Nikasema mpaka iyeyuke. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, na mama mmoja akaenda kuchukua kalamu. Hivyo ndivyo nilivyotibu mgonjwa wangu wa kwanza, nikiwa na lumpia mdomoni.

Kwenye fomu ya maombi nimeandika kwamba ninajitolea hospitalini "katika huduma ya wagonjwa". Nasambaza blanketi, Kuya. Siku moja nilimfunika mtu aliyekuwa anangojea teksi.

Insha mpya nayo haijaanza. Swali ni kwa nini unataka udaktari. Nimeandika "kwa sababu" nikaenda kula. Bibi aliniuliza swali hilohilo juzi, kwa upole, tukiwa jikoni: "Wewe mwenyewe unaupenda huo udaktari?" Nikamwambia maji yamechemka.

Hongera kwa kukimbia. Mguu umenyamaza?

Ludy


Kambini
6 Oktoba 2024

Kitinda mimba mpendwa,

Natumai barua hii imewakuta nyote salama, Mama na usingizi wake, Bibi na rozari yake, na Mama Mkubwa Baby na mwaka wake mpya ambao hatautaja, nasi hatutauuliza. Hali ya hewa huku ni nzuri. Asubuhi kuna ukungu, mchana unaondoka. Kuna ndege fulani mweupe anayekuja dirishani kila siku, anageuza shingo, anaondoka. Nimemwita Celso.

Angalia anwani mpya juu ya bahasha. Usijali, huku huwahamisha watu hovyo. Mahafali ya mafunzo nayo yanaweza kusogea kidogo, usimwambie Mama bado, maana ataanza kupiga simu.

Nimesoma barua zako tena na tena, kwa utulivu. Unajua umeandika nini kuhusu Ravensworth? Kijitabu, Mama na sweta. Kuhusu hicho chuo cha bata umeandika moyo, kidole, honi na jina la mwalimu. Mtu akiniambia hampendi kijana fulani huku anajua namba ya viatu vyake, kuruta huyu huwa na shaka.

Umebaki na nini mpaka Novemba? Niambie kweli. Ukinidanganya mimi, utamdanganya nani tena, mimi ndiye mtu wa mwisho anayekuamini.

Boyet


Stockton
16 Oktoba 2024

Kuya,

Barua yako ina kurasa mbili, mwandiko umenyooka, na ndege ana jina. Barua ya kwanza ulisema huna muda, mnakimbia. Siku hizi kuruta hupewa mapumziko ya kutazama ndege? Nimeuliza tu.

Mama ameomba likizo kwa ajili ya mahafali yako na amekodi gari kubwa. Anakuja yeye, Bibi, Mama Mkubwa Baby, na sufuria ya nyama ya adobo yenye mkanda wake wa kiti. Mimi sijasema lolote kama ulivyotaka, lakini kila nikimwona anahesabu sahani za karatasi naona aibu.

Nimeamua. Ni Ravensworth. Bwana Pruitt amejaza sehemu yake, Mama atasaini, na nitabonyeza tarehe thelathini na moja. Insha imekwisha, nimeandika kwamba tangu utotoni nimevutiwa na mwili wa binadamu. Imekaa vibaya kidogo ukiisoma haraka, lakini Bwana Pruitt amesema inatosha.

Dunmere sikitaji tena, na wewe usikitaje. Kuna watu wanaangalia picha za vyuo wasivyoviomba, kama wengine wanavyoangalia picha za nyumba wasizoweza kununua. Haina maana yoyote.

Ludy


Kambini
23 Oktoba 2024

Ludy,

Nakusalimu wewe peke yako leo, barua hii usiiache mezani.

Kuna jambo unapaswa kulijua kabla hujabonyeza, na sina njia ya kukueleza nilikolipata bila kujivua nguo. Nilifikiria kusema nimelisikia kanisani. Basi: mfupa wa muundi wangu wa kushoto una ufa. Tangu katikati ya Septemba sikimbii. Niko kwenye kikosi cha waliovunjika, vijana arobaini wenye magongo, na adui yetu mkubwa ni ngazi ya kwenda kula. Hakuna aliyenipiga risasi. Nilivunjwa na kukimbia kwenye lami, Ludy, kitu ambacho watu wazima hulipia kiingilio wakifanye siku za Jumapili. Nilipoondoka mlining'inizia bango na mkaniitia padri. Ndiyo maana nimekaa kimya.

Daktari anayenitazama ni Luteni Brandt, mwanamke mkali mwenye mikono baridi. Wiki iliyopita anasoma eksirei yangu, nikasema, ili nisionekane mjinga mtupu, kwamba mdogo wangu anakwenda Ravensworth kusomea udaktari. Akacheka. Kumbe ndiko alikosoma.

Anasema hesabu ya kijitabu ni ya kweli. Tisa kwa kumi ya wanaoomba hupokelewa. Ila haombi anayetaka, anaomba aliyeruhusiwa. Chuo kina kamati inayomwandikia mtu barua ya kumpeleka shule ya udaktari, na ukienda bila barua yao kila mtu anauliza una kasoro gani. Walipoingia walijaa ukumbi. Mwaka wa tatu waliopewa barua walienea darasa moja. Wengine waliitwa mmoja mmoja wakaambiwa kwa upole watafute vipaji vyao vingine, na aliyekuwa akilala naye chumba kimoja alikuwa mmoja wao.

Hakusema usiende. Alisema yeye kilimfanya chuma. Alisema uulize swali moja: katika wale walioingia wakiwa na nia, wangapi mliwapeleka? Ukiulize chuo chochote, hata cha bata.

Mama asijue habari ya mguu. Nitamwambia mwenyewe, nikipata ujasiri au nikipona, kitakachotangulia.

Kaka yako aliyevunjwa na barabara,
Boyet


Stockton
2 Novemba 2024

Kuya,

Pole sana. Nililia, kisha nikacheka pale pa kiingilio, kisha nikaona vibaya nikalia tena. Barua ilifika tarehe ishirini na tisa. Nimeificha ndani ya kitabu cha kemia, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba hii anayeingia, nikiwemo mimi.

Nilipiga simu Ravensworth. Kijana mwenye sauti ya asali akasema ni swali zuri sana, akaniuliza anwani yangu, akanitumia kijitabu kilekile. Nikapiga Dunmere. Akapokea Bi Lindqvist mwenyewe. Akasema nusu hubadilisha mawazo, wengine kwa kemia, wengine kwa kupenda kitu kingine. Barua hawamnyimi mtu, na kwa hiyo si wote wanaopokelewa. "Kuna wanaokataliwa mara mbili," akasema. Nimepewa habari mbaya, nikakata simu nina furaha kama mwendawazimu.

Asubuhi ya tarehe thelathini Mama alirudi kazini na sweta juu ya nguo za wodi. Nilikuwa na silaha yako mkononi, hiyo ya kamati. Lakini ningeitoa angeuliza nani amekwambia, na mguu wako ungekuja mezani pamoja na wali. Nikabaki na yangu, ambayo ni butu.

"Mama, mimi nakipenda Dunmere."

"Nini hicho?"

"Chuo. Cha Oregon."

"Kimefanya nini?"

"Hakijafanya kitu. Nakipenda tu."

Akaweka mfuko chini. "Ludy, watu nimeshawaambia."

"Najua. Mimi sijawaambia."

"Unanijibu?"

"Hapana, Mama."

"Mimi nimesimama usiku kucha miaka yote hii ili wewe uje usimame mchana, uitwe daktari, ukae ukichoka. Hicho chuo chako kitakufikisha?"

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya kwenye insha nzima. Nikasema, "Sijui."

Akaenda kulala. Kuanzia hapo alizungumza nami kupitia kwa Bibi: "Mwambie mwenzako chakula kipo." Bibi ananigeukia, mimi niko kiti cha pili, ananiambia chakula kipo. Nikaandika insha upya, ile ya moyo wa kondoo, pamoja na kukosea kwangu, na Bwana Pruitt akajaza sehemu yake upya. Siku ya mwisho, jioni, Mama akaja, akavaa miwani ya Bibi, akasaini mahali pa mzazi. Hakuniuliza chochote ila kama huko Oregon watu wanapika wali.

Nimebonyeza. Nimeposa, Kuya.

Siri yako sikuitumia hata kidogo. Sasa mwambie mwenyewe, maana gari limeshalipiwa na sufuria imesuguliwa.

Ludy


Kambini
17 Novemba 2024

Kitinda mimba,

Nimemwandikia. Nilichana karatasi nne, moja ilianza na "Mama, unakumbuka ulivyokuwa ukisema nisikimbie ndani ya nyumba." Mwisho nikaandika tu: mguu umevunjika, naona haya, samahani.

Amejibu kurasa mbili. Ni maagizo matupu: niinue mguu, ninywe maziwa, nisiwe shujaa wa ngazini, nimuulize daktari mambo saba kwa maneno yafuatayo. Nilimsomea Luteni Brandt. Akauliza mama yako ni nesi wa wapi, akajibu maswali yote saba akiwa amesimama wima. Kwenye pembe ya karatasi, kwa kalamu nyingine, Mama ameandika kwamba angenijia hata kama ningekuwa nimefeli kila kitu. Nimekaa na karatasi hiyo tangu jana, siwezi kuitania.

Magongo nimeyaacha. Nikienda vizuri nitarudi mafunzoni baada ya Krismasi. Likizo ameisogeza, gari amerudisha, adobo mmekula nyie.

Wamejibu?

Boyet


Stockton
14 Desemba 2024

Kuya Boyet,

Tuko salama, na Bibi amepata meno mapya anayoyavaa wakija wageni tu. Mama amefurahi kwamba unatembea. Kila siku anatembea nawe kichwani, namwona anavyopunguza mwendo kwenye ngazi.

Jibu lilikuja jana. Wamenikataa. Hawakuniahirisha mpaka Machi kama wanavyofanya kwa wengine, wamenikataa moja kwa moja, kwa aya mbili zenye adabu. Mimi ndiye msichana aliyepigana na mama yake kwa ajili ya chuo kisichojulikana, na chenyewe kikasema asante hatuhitaji. Ungekuwa hapa ungenicheka mpaka ufa ufunguke upya, na ningekusaidia.

Mama alikuwa anavaa viatu vya zamu. Nikampa simu asome. Akasoma polepole, akasoma tena, kisha akaanza kuwasema: hao ni akina nani, wana hospitali gani, nani amewaambia na wao wanachagua watu. Watu wa Dunmere walitukanwa kwa Kiilokano cha kwao Ufilipino, kuanzia mkuu wa chuo mpaka mtunza bustani. Nikaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka sikuweza kukizuia.

Akanigeukia. "Kumbe ulikuwa unakitaka kweli?"

Nikasema ndiyo.

"Basi pole, mwanangu."

Tangu nianze shule, Mama akiona nimeshindwa husema jitahidi. Pole hajawahi kunipa. Alikaa nami kitandani amevaa kiatu kimoja, akanishika kichwa, akachelewa zamu.

Sasa niko huru kama mjane. Chuo cha serikali nilikwisha kiomba mwezi uliopita, na kuna vingine vitatu vinavyofungwa mwaka mpya. Kila kimoja nilikwisha kipigia simu na swali la Luteni wako, na kimoja kimenijibu kwa tarakimu. Ravensworth hakuna aliyekitaja katika nyumba hii, hata Mama.

Nimeshinda vitu vingi, Kuya, na karibu vyote vilikuwa vya watu wengine. Hiki kilikuwa changu, na nimekikosa. Nimeamka leo macho yamevimba, nikajitazama kama nimeacha kuutaka udaktari, maana nafasi ya kuuacha nimepewa na hakuna ambaye angenilaumu. Bado nautaka. Nimekwenda jikoni nikamjibu Bibi lile swali lake.

Ludy